Upana wa Kidole

Masanduku kumi na tisa yalifika Saskatoon mwezi wa tatu,
theluji ingali juu ya paa la gereji kama mgeni asiyejua kuaga.
Orest aliyapanga kando ya mashine ya kukata nyasi,
akanisomea karatasi ya maelekezo hadi mstari wa tatu,
akaikunja, akaisukumia chini ya mguu wa meza inayoyumba.
"Vigae vya kupachika," alisema. "Kazi ya mtoto."

Tulifagia saruji. Tulikwangua mafuta yaliyoganda,
chumvi ya barabarani, maganda ya alizeti aliyoyatema
miaka yote aliyoishi humu bila mtu wa kumkataza.
Nilikuta kibanio cha nywele, si changu.
Nikakitia mfukoni, sikuuliza.
Tulioana mvi zikiwa zimekwisha kutuingia;
kila mtu alikuja na vumbi lake.

Kigae kina meno pande mbili, matundu pande mbili.
Unalaza jino juu ya tundu, unabonyeza kwa kisigino,
likikaidi, unaliita kwa nyundo ya mpira.
Kijivu, cheusi. Kijivu, cheusi.
Magoti yangu yalilalamika kabla ya safu ya nne.
Yake yalilalamika pia, ila yeye aliyaimbia
wimbo wa harusi wa bibi yake, Kiukraina,
anaoujua nusu, na nusu hiyo haina mwisho.

Safu ya tano ina kosa: vyeusi viwili jirani.
Tuligundua tukiwa ya kumi na moja.
Tukatazamana.
"Gari litakaa hapo," alisema.

Ukutani, karatasi ilitaka tuache nafasi,
upana wa kidole, pande zote.
Niliisoma usiku, nimeinama chini ya meza na tochi.
"Nafasi ya nini?" akauliza Orest. "Ya panya?"
Akakata vigae vya mwisho kwa msumeno wa umeme
hadi vikaugusa ukuta, akapiga, akapiga,
akasimama mikono kiunoni:
ubao wa drafti, hata wembe haupenyi.
Nilinyamaza. Miaka ishirini na sita nimeendesha basi la shule;
najua kelele ya kuzima, na ya kuiacha ichoke.

Wiki ya pili ya Julai joto lilifika nyuzi thelathini na nne.
Adhuhuri tukasikia kishindo gerejini.
Sakafu ilikuwa imeumuka
katikati palepale, kama andazi mafutani,
na kopo la rangi limeviringika hadi mlangoni.
Orest aliikanyaga. Ikashuka kulia, ikaibuka kushoto.
Akaikanyaga kushoto.
Alicheza hivyo dakika kumi, mzee wa miaka sitini na minane,
kifua wazi,
nami nimeshika mlango nisianguke kwa kicheko.

Kisha akaketi juu ya kile kilima.
"Inataka nini?"
"Pa kupumulia."

Akaenda akainyanyua meza.
Karatasi ilikuwa na alama ya duara ya mguu.
Aliisoma yote, hata upande wa Kifaransa.

Tulikata hadi jua likazama, saa nne za usiku,
mimi nikipima kwa kidole changu, yeye kwa chake,
na chake ni kinene; ndiyo maana
nafasi ya kaskazini imeishinda ya kusini.
Sakafu ilishuka yenyewe, polepole, bila kukanyagwa.
Hapo ndipo nilipotoa kibanio.
Alikigeuza mkononi. "Cha Luba," alisema,
akakiweka kwenye kopo la skrubu, juu kabisa,
si chini.

Sasa ni Januari. Nje, mate hugandia hewani.
Vigae vimesinyaa; penye kidole kimoja
vinaingia viwili,
na humo ndimo maganda ya alizeti yanakodondokea.
Nafagia.
Sifagii yote.